Kuona kromosomu zikigawana kwenye korodani za panzi: mtafute X kwanza, hutapotea

Walimu wenzangu wa bayolojia na nyie wadogo zangu wa kidato cha sita na mwaka wa kwanza chuo, hii naiandika kwa sababu kila mwaka naona vijana wanakariri hatua za mayosisi, yaani ule mgawanyo wa seli unaotengeneza mbegu na mayai, kama mtu anayekariri namba za simu, leptotini, zaigotini, pakitini, alafu ukimwekea slaidi ya kweli chini ya hadubini anakodoa macho tu hajui aanzie wapi. Na kosa sio lao maana wengi wameonyeshwa ncha ya mzizi wa kitunguu peke yake. Kitunguu ni kizuri sana lakini pale ni mitosisi tu, seli inajinakili basi. Ukitaka kuona kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, zinavyotafutana, zinavyoshikana na kubadilishana vipande, alafu zinaachana kila moja inaenda upande wake, tafuta panzi dume.

Panzi ni bure, yuko kwenye majani nyuma ya darasa. Kromosomu zake ni kubwa kuliko za wadudu wengi. Na kuna jambo la tatu ambalo kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote: panzi dume ana kromosomu moja isiyo na mwenzake. Wale panzi wa kawaida wa papasi fupi, karibu wote, jike ana kromosomu 24 na dume ana 23. Kromosomu inayoamua jinsia inaitwa X: jike ana X mbili, dume ana X moja na hana Y kabisa, yaani hamna. Kwa hiyo dume ana jozi 11 na hiyo moja iliyobaki peke yake. Hiyo moja inafanya mambo tofauti na wenzake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ukishaizoea inakwambia uko hatua gani hata kabla hujakumbuka jina la hatua yenyewe. Ndo maana kwenye kichwa nimesema mtafute X kwanza.

Nzige wa jangwani, wale waliovamia Kenya mwaka 2020, nao ni 23 kwa dume. Lakini angalia usichanganye: wale panzi wenye rangi rangi wanaonuka, wanaokaa kwenye mihogo, ni wa familia nyingine, dume wao ana 19. Na senene ana papasi ndefu, ni ukoo mwingine kabisa, usimpasue senene alafu ukakasirika kwamba hesabu haijatoka 23. Bora ummenye ule.

Kupata panzi wa umri sahihi

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na mimi niliharibu. Mara ya kwanza nafanya hii kazi, kwenye shule moja niliyokuwa nafundisha, niliwaambia wanafunzi walete panzi wakubwa wanono, wakaleta kweli, wakubwa, wenye mabawa kamili, tukapasua kama 12. Tulichoona ni mafungu ya mbegu zilizokomaa tu, kama nywele zilizochanwa, slaidi baada ya slaidi. Hakuna kromosomu hata moja ya kuonyesha. Kumbe panzi mzee kazi ya kugawana kwake imepungua sana, ghala limejaa.

Unayemtaka ni tunutu mkubwa, yule wa hatua ya mwisho kabla ya kupata mabawa, au panzi aliyepata mabawa siku chache tu zilizopita, bado laini laini ukimshika. Tunutu wa hatua ya mwisho utamjua kwa vile vibawa vifupi mgongoni kama vipande vya jani, havimrushi popote. Kipindi kizuri ni wiki kadhaa baada ya mvua kuanza, majani yakiwa mabichi, asubuhi mapema bado kuna umande hawaruki sana. Mfuko wa nailoni unawaua kwa joto, beba chupa ya plastiki umeitoboa matundu na majani ndani.

Dume na jike unatofautisha kwa mkia. Jike mwisho wa tumbo ana vitu vinne vigumu kama midomo ya koleo, ndo anachimbia udongo akitaka kutaga. Dume mwisho wake ni wa mviringo, umepinda kwenda juu kama mbele ya ngalawa. Kwa tunutu inahitaji jicho kidogo, tumia lenzi ya mkono. Kwa panzi wengi pia dume ni mdogo kuliko jike, kwa hiyo yule uliyemwona mnene ukafurahi, mara nyingi ni jike.

Dawa zinazotakiwa

Sio nyingi. Maji ya chumvi ya asilimia 0.75, yaani gramu 7.5 za chumvi safi kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Dawa ya kugandishia seli, ambayo ni sehemu 3 za ethano safi kabisa na sehemu 1 ya asidi ya asetiki ile kali isiyochanganywa maji. Hii unachanganya siku hiyo hiyo unayotumia, nasisitiza, siku hiyo hiyo, maana ikikaa ethano na asidi vinaanza kuungana vyenyewe unabaki na kitu kingine chenye harufu ya matunda na seli zako hazigandi vizuri. Na spiriti ya duka la dawa ile ya kusafishia vidonda haifai hapa, ina maji mengi.

Alafu rangi. Mimi natumia aseto-karmini kwa sababu karmini yenyewe inatoka kwa mdudu, basi naona kama inakaa mahali pake, lakini aseto-oseini inafanya kazi vizuri tu na wengine wanaipenda zaidi. Aseto-karmini unatengeneza hivi: mililita 55 za maji yaliyotoneshwa, unamimina taratibu mililita 45 za asidi ya asetiki ndani ya maji (asidi ndo inaingia kwenye maji, sio kinyume), unatia gramu 1 ya unga wa karmini, unachemsha kwa moto mdogo sana, inapoa, unachuja. Iwe nyekundu nzito kama juisi ya rosela. Kazi hiyo ya kuchemsha ifanyike kwenye kabati la kutolea moshi, kama shule haina basi fanya nje mahali pa upepo, wewe mwalimu, sio mwanafunzi, na miwani usoni. Asidi ya asetiki ikiwa kali inaunguza ngozi na mvuke wake unakata pumzi, watu wanaidharau kwa sababu inanukia siki. Na ethano iwe mbali na moto.

Vifaa vingine ni slaidi, kavaslipu (kile kioo chembamba cha kufunikia), vibanio viwili vya ncha kali, sindano mbili, wembe, dropa, karatasi ya kuchujia, taa ya spiriti, penseli yenye kifutio mgongoni, na rangi ya kucha isiyo na rangi. Hadubini yenye lenzi ya mafuta ya 100 ni bora, ila ya 40 inatosha kuhesabu kama slaidi imetoka safi.

Kupasua

Muweke panzi kwenye friji kama dakika 20 mpaka alegee asisikie, kisha kata kichwa haraka. Mbane na pini kwenye sahani yenye nta, tumbo chini mgongo juu, mwagia maji ya chumvi yamfunike. Pasua ngozi ya mgongo wa tumbo kwa kufuata pembeni, usizamishe wembe. Fungua kama unavyofungua bahasha.

Utaona mafuta ya manjano kwanza, usiyafurahie. Korodani za panzi zimeungana pamoja kuwa donge moja lililokaa juu ya utumbo, katikati ya tumbo, na zenyewe pia zina umanjano kwa sababu ya mafuta yaliyozifunika. Tofauti yake ni hii: ukisogeza mafuta kwa sindano taratibu, korodani zinaachana kuwa vidole vidole, virefu, vyeupe vinavyopitisha mwanga kidogo, kama chane ya ndizi ndogo sana zilizoshikana mahali pamoja. Mafuta hayana vidole. Ukikosa vidole bado hujafika, au umeshika jike.

Nyofoa donge zima, lisafishe kwenye maji ya chumvi mapya, toa mafuta yote unayoweza kwa sababu mafuta yakibaki yanazuia rangi na yanaleta mapovu mapovu kwenye slaidi. Kuna wanaoweka vidole kwenye maji yaliyotoneshwa matupu kama dakika 10 kabla ya kugandisha ili seli zivimbe na kromosomu zisambae, mimi nakubaliana nao ila usizidishe, zikivimba sana zinapasuka na utahesabu kromosomu za seli mbili ukidhani ni moja. Alafu ndo unatia kwenye dawa ya kugandishia. Saa moja inatosha kama una haraka, ila zikilala usiku mzima kwenye friji zinatoka nzuri zaidi. Zikiisha hapo unaweza kuzihifadhi kwenye ethano ya asilimia 70, kwenye friji, miezi na miezi, kwa hiyo mvua zikija wewe kusanya uweke, utatumia hata kiangazi.

Kabla hujaponda uelewe hicho kidole kilivyo, maana kinakuokolea muda. Kile kidole kimoja ni kama foleni. Kwenye ncha yake iliyofungwa, ile iliyo mbali na mrija wa kutolea mbegu, kuna seli changa zinazogawanyika kwa mitosisi ya kawaida. Zinasukumwa kwenda chini kadiri zinavyokua. Katikati ndo zinaingia mayosisi. Chini karibu na mrija ni mbegu tayari, zimejipanga mafungu mafungu. Na zinasafiri kwa vikundi, kila kikundi ndani ya kifuko chake, seli zote za kikundi zimeunganishwa na vinjia vidogo kwa hiyo zinafanya kitu kilekile kwa wakati mmoja. Ndo maana chini ya hadubini utakuta seli kadhaa jirani zote zina kromosomu zilizokaa kama misalaba, alafu hapo pembeni kundi zima liko hatua nyingine. Ukiona hivyo jua slaidi imetoka vizuri.

Kwa hiyo kata ncha ya juu kabisa itupe au iweke slaidi ya peke yake kwa ajili ya kuhesabu 23, kata na chini penye mbegu, tumia katikati.

Kuponda

Weka vipande viwili vya vidole, viwili tu, kwenye tone la aseto-karmini katikati ya slaidi. Vikatekate kwa sindano. Kama una sindano ya chuma iliyoshika kutu kidogo itumie hiyo kukorogea, chuma kinafanya karmini ikolee kwenye kromosomu, utaona tone linatoka nyekundu linaelekea zambarau, hapo acha, ukiendelea kila kitu kinakuwa cheusi. Subiri dakika 10 mpaka 15, tone likianza kukauka ongeza kidogo. Toa ngozi ngozi na makapi yote makubwa kwa kibanio, maana punje moja tu ngumu ikibaki itanyanyua kioo na seli zako zote zitabaki zimerundikana.

Shusha kavaslipu kwa pembe moja kwanza ili hewa itoke. Gonga taratibu juu yake kwa kifutio cha penseli, wima, kuanzia katikati kwenda nje, kama mara 20 hivi, utaona kile kipande kinasambaa kuwa wingu jembamba la waridi. Pitisha slaidi juu ya moto wa taa ya spiriti mara mbili tatu, iguse mgongo wa mkono wako uone, iwe na joto la kuvumilika, isichemke. Joto linasafisha rangi iliyotapakaa pembeni ya kromosomu na kuzilaza.

Sasa weka juu ya meza tambarare, funika na karatasi ya kuchujia iliyokunjwa mara mbili, shika kingo za kioo kwa vidole vya mkono mmoja kioo kisihame, alafu dole gumba la mkono mwingine, katikati, bonyeza moja kwa moja chini kwa nguvu yako. Usizungushe, usisogeze hata kidogo. Ukizungusha seli zinaviringika kama tambi na kazi yote ya tangu jana imekwisha. Hii ndo sehemu ambayo mikono inajifunza yenyewe, slaidi tatu za kwanza kila mtu anaharibu na ni sawa, ndo maana nakwambia uwe na panzi kadhaa.

Kuangalia: X yuko wapi?

Anza na lenzi ya 10, tembeza slaidi kwa mstari kama mtu anayepalilia, usirukeruke. Ukiona makundi ya seli zenye alama nyeusi nyekundu ndani, simama, panda 40, kisha 100 na mafuta.

Jambo la kwanza litakaloonekana kwenye seli nyingi ni kiini kikubwa kimejaa nyuzi nyuzi nyembamba, na pembeni yake kuna doa moja zito limekolea rangi. Lile doa ndo X. Wenzake 22 bado wamejinyoosha kama uzi wakitafutana wenza wao, yenyewe haina wa kumtafuta, imejikunja tangu mapema na imezimwa. Kwa hiyo ukiona nyuzi pamoja na doa moja, uko mwanzoni mwa mayosisi. Nyuzi zikiwa nyembamba sana bado hazijaoana, zikiwa nene na chache zimeshaoana mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndo kubadilishana vipande kunafanyika, ila kwa macho huwezi kukuona bado. Wakati mwingine ncha za nyuzi zinaelekea upande mmoja kama shada la maua lililofungwa kwa kamba.

Hatua inayofuata ndo ninayoipenda kuliko zote na ndo ya kuwaonyesha wanafunzi kwanza. Wenza wanaanza kusukumana waachane lakini wameshikwa pale walipobadilishana vipande, pale panaitwa kiasma. Jozi iliyoshikwa mahali pamoja inakaa kama msalaba au fimbo, iliyoshikwa mahali pawili inafanya pete, zile ndefu zaidi zinaweza kuwa na tatu zikaonekana kama namba 8 imeongezewa kitanzi. Hesabu: maumbo 11 na X moja, jumla vitu 12. Zile ndefu kabisa ni jozi 3, za kati 5, na zile fupi fupi 3, na hata ile fupi kuliko zote lazima iwe na kiasma angalau kimoja, isipokuwa nacho wenza wanapotezana. Mwambie mwanafunzi achore anachokiona, asichore kutoka kitabuni, na aandike chini ya kila umbo kiasma ngapi. Somo zima la urithi liko kwenye hiyo karatasi.

Hapa nigusie kitu kinachowachanganya vijana kila mara. X haiitwi X kwa umbo lake. Kwa panzi kromosomu zote ni fimbo, sehemu ya kushikiwa iko mwishoni, na X nayo ni fimbo. Jina limetokana na Mjerumani Hermann Henking mwaka 1891, aliangalia mbegu za kiume za mdudu mwekundu anayeitwa Pyrrhocoris, akaona kitu kinaingia kwenye nusu ya mbegu na nusu nyingine hazikipati, akakiandikia alama ya X kama tunavyoandika kwenye hesabu kitu ambacho bado hakijajulikana.

Turudi kwenye slaidi. Baadae jozi zinajikunja zaidi na kupanga mstari katikati ya seli. Mtafute X: mara nyingi haiko kwenye mstari, imekaa pembeni karibu na ncha moja ya seli, na sasa imegeuka, imepauka kuliko wenzake, kingo zake kama ukungu. Doa lililokuwa jeusi limekuwa hafifu! Wanafunzi wanadhani imepotea. Haijapotea, tafuta kitu cheupe cheupe pembeni.

Na kwa nini wenza wanapanga mstari vizuri hivyo? Seli za panzi hizi hizi ndo zilizojibu. Mmarekani Bruce Nicklas, miaka ya 1960, alichukua seli hai za korodani za panzi akaingiza sindano ya kioo nyembamba sana na kuvuta kromosomu kwa mkono. Akigeuza jozi ili wenza wote wawili washikwe na nyuzi za upande mmoja, jozi ile inaachia na kujaribu tena. Lakini akivuta kwa sindano ili kuwe na mkazo, inabaki imeshika vilevile hata kama imeshika vibaya. Yaani mkazo wa kuvutwa pande mbili ndo unaoiambia seli kwamba hapa sawa. Kiasma zile ulizochora zina kazi ya pili basi, ndo zinazoshikilia wenza pamoja ili mkazo uwepo.

Kisha wanaachana. Hapa hesabu kwa makini: upande mmoja utakuta 11, upande mwingine 12. Ile ya kumi na mbili ni X, imeenda nzima upande mmoja bila kugawanywa. Siku ya kwanza niliyopata seli moja ambayo pande zote mbili zilisambaa vizuri nikahesabu 11 na 12 nilihesabu tena kama mara nne, alafu nikamwita mlinzi wa shule aje aone, hakukuwa na mtu mwingine jioni ile, na mzee yule alihesabu mwenyewe kwa kidole hewani akapata 12.

Mgawanyo wa pili unapita haraka na seli zake ni ndogo. Kromosomu zinakaa kama herufi V kwa sababu nusu zake mbili zimeachana mikono zimeshikana sehemu moja tu. Utapata seli zenye 11 na seli zenye 12, na safari hii X nayo inagawanyika kama wengine. Mwisho kila seli iliyoingia inatoa nne, mbili zina X na mbili hazina. Zinakuwa duara kwanza, kisha zinavutika na kurefuka mpaka zinakuwa zile nywele nilizoziona mimi kwa panzi wazee. Mbegu yenye 12 ikikutana na yai, ambalo siku zote lina 12, anazaliwa jike wa 24. Yenye 11 inatoa dume wa 23.

Na hizo jozi 11 kila moja inajigeuzia inavyotaka bila kumuuliza jirani, na X nayo inachagua upande wake. Chukua mbili 12 uzizidishe zote pamoja (2 × 2 × 2 mpaka zifike 12) unapata aina 4,096 za mbegu kutoka kwa panzi mmoja, hapo hujahesabu vipande vilivyobadilishwa. Kwamba X na jozi nyingine hazifuatani lilionyeshwa kwa macho mwaka 1913 na mama mmoja Mmarekani, Eleanor Carothers, alipata panzi ambao jozi yao moja wenza hawalingani urefu, akafuatilia mrefu anaenda na X mara ngapi na mara ngapi anaenda upande mwingine. Ikatoka karibu nusu kwa nusu. Ukibahatika kupata panzi wa namna hiyo mtunze hiyo slaidi kama hati ya shamba.

Ukihesabu

Usiamini seli moja. Hili nalisema kwa uzito. Walter Sutton, kijana aliyekulia shambani Kansas, mwaka 1902 aliandika juu ya kromosomu za panzi mkubwa Brachystola magna, kazi iliyofungua njia ya kuelewa kwamba urithi unasafiri na kromosomu, na kwa dume alihesabu 23 sawasawa kabisa. Lakini kwa jike alipata 22, kumbe ni 24. Kwa kosa hilo la mbili tu yeye na mwalimu wake Clarence McClung wakabaki wanaamini kwamba ile kromosomu ya ziada ndo inafanya dume, wakati ni kinyume. Mpaka mwaka 1905 Nettie Stevens kwenye mende wa unga na Edmund Wilson kwenye wadudu wa jamii ya kunguni wakaliweka sawa. Basi hesabu seli 10 kwa uchache, zile zilizosambaa zenye mpaka unaoonekana, zikipishana rudia, na zile ambazo kromosomu zimetapakaa mpaka kwa jirani ziache.

Ukiona kila kitu chekundu sawasawa, rangi imezidi au hujasafisha kwa joto. Ukiona kila kitu kimepauka, dawa ya kugandishia ilikuwa ya zamani au hukuacha muda. Seli zimerundikana ghorofa ghorofa, umeweka kipande kikubwa. Nyuzi tupu bila misalaba kwenye slaidi tano mfululizo, panzi wako bado mdogo sana, ngoja wiki moja umkamate ndugu yake.

Watu wananiuliza mbona nisitumie nzi wa matunda kwani ndo maarufu. Nzi wa matunda dume habadilishani vipande, kabisa, majike ndo wanabadilishana, kwa hiyo kiasma za kuchora hutazipata kwake na kromosomu zenyewe ni jozi 4 ndogo. Nyuki dume ndo usimguse kwa somo hili, anazaliwa na yai lisilorutubishwa, ana kromosomu 16 tu zisizo na wenza, kwa hiyo mgawanyo wake wa kwanza unaanza alafu unaishia kutupa kipande cha seli kisicho na kiini ndani. Ni kisa kizuri cha kusimulia baada ya wanafunzi kumwelewa panzi. Na ukiwasimulia waambie pia kuhusu Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, yule aliyeanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, Nairobi mwaka 1970, utafiti wake mwenyewe ulikuwa kwenye tezi za uzazi za nzige dume wa jangwani, ndani ya tumbo hili hili tunalopasua sisi.

Slaidi nzuri usiiache ikauke. Kausha kingo kwa karatasi ya kuchujia, zungushia rangi ya kucha pande zote nne, andika tarehe, ulipomkamata panzi, na namba za sehemu ya hadubini ulipoiona ile seli ya 11 na 12, maana bila hizo namba kesho utaitafuta saa nzima. Kwenye friji, imelala, kwenye boksi lenye karatasi mbichi ndani, inakaa wiki moja mpaka mbili. Piga picha na simu kupitia lenzi siku hiyo hiyo, shika simu kwa mikono miwili na uegemeze viwiko mezani.